Siku Bibi Alipoonja Pombe Newala

Nikifumba macho hata sasa naisikia: chwi, chwi, kimya kidogo, halafu chwi tena. Ni sauti ya pombe ya mtama ikichacha ndani ya chungu cha bibi yangu, nyuma ya mlango, pale Lukuledi. Nilipokuwa mdogo nililazwa mchana kwenye mkeka karibu na chungu hicho, na badala ya kulala nilikuwa nasikiliza. Nilidhani mle ndani wamo watu wadogo wanaosengenya. Siku moja nikamuuliza bibi wanamsema nani. Akainama, akaweka sikio kwenye ubavu wa chungu, akasikiliza kwa makini sana, kisha akaniambia, "Wanakusema wewe, mke mwenzangu. Wanasema hulali."

Ndivyo anavyoniita mpaka leo, mke mwenzake, kwa sababu babu alikuwa akiniita mke wake mdogo. Babu alishatutoka, lakini ukewenza wetu haujaisha.

Bibi hakuwa na haja ya saa kujua pombe imefika. Aliinama tu akasikiliza. Wale watu wadogo wakisema kwa pupa, wote kwa pamoja, bado. Wakianza kusema mmoja mmoja, pombe imekuwa tayari kuchujwa. Halafu aliinusa, akaonja, na watu wakaja: waliotoka kulima, waliotoka kubangua korosho, waliotoka kanisani na vitenge vyao vizuri.

Mwaka juzi akapata mafua makali na homa. Homa ikapona, tukashukuru. Lakini baada ya hapo chungu kikageuzwa mdomo chini nyuma ya jiko, na kuku wakakifanya kiti. Akiulizwa, bibi alisema amechoka kutafuta kuni. Mimi nilikuwa nimeshahamia Masasi mjini, najifunza kushona kwa mama mmoja, maana shule yangu iliishia kidato cha pili. Jumapili moja nikaja kumsalimu. Harufu ya mboga inayoungua ilinipokea tangu barabarani. Nikamkuta bibi amekaa kwenye kigoda karibu kabisa na jiko, kisamvu kinateketea, na yeye anachambua mbaazi kwa utulivu wake wote.

Nikakimbilia sufuria. Akasema, "Moto umekuwa mkali ghafla."

"Kweli, bibi," nikasema. "Kuni zenyewe kavu sana."

Tukaishia hapo. Nikawa nimejua, naye hakujua kwamba najua.

Pua yake ilikuwa imeondoka na yale mafua, na ladha ikaifuata. Alikuwa anakula kama mtu anayejaza dumu la maji, likifika shingoni basi. Alikonda. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba utani ulipungua. Alianza kuniita kwa jina langu, kama mtoto wa jirani. Nilitaka bibi yangu arudi, na nilitaka chungu kirudi wima. Hayo mawili kwangu yalikuwa kitu kimoja.

Mimi ni mtu wa ndoto, sikatai. Mama anayenifundisha kushona husema sindano yangu iko Masasi, macho yangu yako Zanzibar. Basi siku moja mteja alikuja kuchukua gauni lake, akawa anasimulia kwamba kule Newala kuna mama mwenye nyumba ya wageni, na nyuma ya nyumba ana banda ambamo wasafiri wanaonjeshwa pombe, kila kikombe na chakula chake, naye mwenyewe anawaelekeza. Nikasimamisha cherehani. Nikawaza: kama pua ya bibi imelala tu, haijafa, basi vikombe hivyo vitaiamsha. Nikapiga simu Newala. Kisha nikamwambia bibi twende tukatembee, eti nina hamu ya kuliona bonde la Ruvuma kutoka juu, na nataka mtu wa kunishika nisianguke.

Gari lilipopita Chiungutwa mikorosho ilikuwa pande zote, mabibo mekundu na ya njano yametapakaa chini. Harufu yake ikaingia dirishani, ile tamu inayokaribia kulevya. Nikamtazama bibi.

"Mabibo yameiva," nikasema.

"Nayaona," akasema.

Newala ilitupokea kwa upepo na kwa madumu ya njano yaliyopangwa foleni kwenye kioski cha maji, yakimngoja mwenye ufunguo. Mama mwenyeji alikuwa mnene, kanga kiunoni, sauti kama ya mwalimu wa kwaya. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na upepo wenu?"

"Upepo tunao, bibi. Maji ndiyo tunayahadithia."

Mle bandani tulikuta mume na mke waliotoka Dar es Salaam kuja kuwaona ndugu zao. Mwenyeji akatukalisha wote meza moja, akatueleza utaratibu: tazama rangi, nusa, kunywa funda moja, kula kidogo, kunywa tena. Kabla ya kikombe kingine, sukutua kwa maji, tema kwenye ndoo. Vikombe vilikuwa vinne. Cha kwanza kilikuwa uraka, pombe ya mabibo, iliyochacha kidogo tu, na pembeni yake kipande cha samaki mkavu wa Ruvuma.

Bibi akakiweka kikombe chini. "Anza wewe," akamwambia mwenyeji.

"Mimi naelekeza tu, bibi. Wageni ndio mnaokunywa."

"Kwetu aliyepika ndiye anayetangulia. Nikianguka hapa, mtoto huyu mwembamba atanibebaje?"

Mwenyeji akacheka mpaka akashika meza. "Umenikamata, bibi. Wageni wa mbali hawaulizi, na mimi nikasahau adabu." Akamimina, akanywa, akatuonyesha kikombe kitupu. Yule mume, ambaye kikombe chake kilikuwa tayari kimefika nusu, akakichungulia.

"Wewe umeshatangulia," mkewe akamwambia. "Tutakuzika hukuhuku Newala."

Tukanywa. Uraka ulinipanda puani, na chumvi ya samaki ikautuliza. Ulipofika wakati wa kusukutua, bibi alisukutua vizuri, mashavu yote mawili, kisha akameza.

"Hayo ya kutema, bibi," mwenyeji akasema.

"Maji ya Newala niteme? Aliyeyapandisha mpaka huku juu nitamwambia nini?"

"Hayapotei. Ndoo hiyo ni ya mbuzi wangu."

"Basi mbuzi wako anisamehe."

Kikombe cha pili kilikuwa wanzuki, pombe ya asali, na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Yule mume alifumba macho. "Napata maua," akasema. "Na kwa mbali, kwa mbali kabisa, ndizi mbivu."

"Huyu," mkewe akatuambia sisi, "nyumbani nikimpikia ndizi anauliza kama ni viazi."

Bibi alisema, "Tamu." Hata kuhusu uraka alisema, "Tamu." Samaki naye, tamu. Alikuwa anatabasamu kila mara kidogo zaidi ya inavyohitajika. Mimi nilikuwa namtazama pua, kama mtu anayengoja maji yachemke, na hayakuchemka.

Kikombe cha tatu kikawa kile chenyewe, pombe ya mtama, nzito, rangi ya udongo wetu, na korosho za kukaanga. Nilipopiga funda taya zikanibana. Ilikuwa kali kwa uchachu. Mwenyeji akamgeukia bibi.

"Wewe nakuona ni mpishi wa mtama, jinsi ulivyokishika kikombe. Hebu niambie ukweli, hii yangu bado tamu au imeshachachuka?"

Bibi alinitazama mimi, haraka, kama mtoto aliyeulizwa swali darasani anavyomtazama jirani yake. Kisha akasema, "Tamu, mwanangu. Tamu sana."

Yule mume akafungua mdomo, mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Mimi nikayatazama maganda ya korosho. Upepo ukapiga makuti ya banda.

Bibi akasukuma kikombe pembeni taratibu. "Nisikuharibie pombe yako," akamwambia mwenyeji. "Pua yangu imekufa, mwaka wa pili huu. Nimekuja kwa ajili ya huyu mtoto. Amehangaika mno kunileta, nikasema nitasifu kila kitu nirudi nyumbani."

"Nilijua, bibi," nikasema. "Tangu siku ya kisamvu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na zile kuni kavu?"

"Zilikuwa mbichi, bibi. Moshi wake ulinitoa machozi."

Akanikazia macho. Nilifikiri amekasirika. Kumbe kicheko kilikuwa kinapanda toka mbali, kikafika, mabega yakaanza kutikisika. "Nina mke mwenza mwongo," akawaambia wale watu wa Dar es Salaam. "Mmeona mambo yangu?"

Sikuwa nimesikia neno hilo kwa muda mrefu. Nikajifanya nina pilipili jichoni.

Mwenyeji hakumpa pole, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alichukua sahani ya bibi, akaenda jikoni, akakaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa na korosho zinazotoka kikaangoni, bado zinalia kwa moto, pilipili iliyokatwa nyembamba, na uraka mwingine alioutoa kwenye mtungi wa baridi.

"Bibi, pua tuiache ilale. Tunaanza upya. Usiniambie ladha. Niambie mdomo unafanya nini."

Bibi akafumba macho. Kwanza uraka. Akautuliza mdomoni.

"Huyu ana miguu," akasema. "Anatembea kwenye ulimi kama sisimizi."

Wanzuki: "Huyu anateleza tu. Hana haja na mimi."

Korosho: "Hizi zinavunjika mpaka masikioni." Akachukua nyingine, na nyingine, akazivunja na meno yake ya pembeni yaliyobaki. Pilipili ikamtoa jasho kwenye paji la uso. "Nipe tena," akasema.

Kikombe cha nne kilikuwa bia ya kawaida ya chupa, baridi sana. "Huyu anapiga kofi halafu anakimbia."

Akabaki mtama. Akakipeleka kikombe mdomoni, akasita, akakipandisha sikioni.

"Bado wanasema kwa pupa," akasema. "Ungewaacha mpaka kesho."

"Ningewaacha, bibi, lakini mjukuu wako kanipigia simu anakuja leo, ningefanyaje?"

"Ni kweli. Huyu ana haraka tangu tumboni."

Yule mume naye akaweka kikombe chake sikioni, uso umekunjamana kwa bidii.

"Nani huyo?" mkewe akamuuliza. "Mwambie hupo."

Ningependa kuandika kwamba pua iliamka pale bandani. Haikuamka, mpaka leo imelala. Lakini bibi alimaliza sahani nzima, akafuta mafuta ya korosho kwa kidole, na mwenyeji akamfungia nyingine kwenye karatasi.

Kabla ya kuondoka tulitembea mpaka ukingoni. Chini kabisa bonde lilikuwa limejilaza, kijani na kijivu, na mto Ruvuma kama uzi uliosahauliwa kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa bado namtazama bibi.

"Bonde uliloogopa kuangukia ndilo hili?" akauliza.

"Ndilo."

"Mbona hata hujalitazama?"

Nikalitazama. Lilikuwa zuri kweli.

Tulipokuwa tunateremka kurudi, karibu na Chiungutwa, bibi alikuwa ameweka mikono yake mapajani, anaigeuza, huku na huku, kama anakagua kitu cha dukani. Mwishowe akasema, bila kunigeukia, "Mikono ninayo. Masikio ninayo. Ulimi wa kukanyagwa na sisimizi ninao."

"Ndiyo, bibi."

"Pua unayo wewe, tena kubwa, ya babu yako. Sasa mtama tunauloweka lini, au unangoja mume wetu afufuke akuamrishe?"

Tukauloweka. Nilimwomba ruhusa mama wa cherehani, akanipa huku akiguna. Kuku walifukuzwa juu ya chungu, wakalalamika siku nzima. Mtama ukachipua, tukauanika, tukausaga, uji ukapikwa, na kila hatua bibi aliniita: njoo unuse hapa, kunanuka majani mabichi au mkate? Nikisema majani, tunangoja. Nikisema mkate, tunaendelea. Mara mbili tulibishana, mara moja nikashinda.

Siku ya kuchuja tuliinama asubuhi wote wawili, kila mmoja upande wake wa chungu, vichwa vyetu karibu vigongane. Walikuwa wanasema mmoja mmoja. Tukachuja. Bibi akavaa kitenge chake cha misa, akafunga kilemba, akasimama mlangoni.

"Watu wakitoka kanisani watakuja wote," akasema. "Mbele yao unatangulia wewe kunywa. Usikunje uso, utanifukuzia wageni."

"Wewe je?"

"Mimi nitakuwa natazama kama unaanguka."

Akaenda. Nikabaki peke yangu na chungu. Nikafunua, nikachota kwa kata, nikanusa: unga, moshi kidogo, kitu kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Nikanywa funda moja, na ilikuwa chachu kiasi chake, na utamu umejificha kwa nyuma, kama zamani. Kisha nikabana pua kwa vidole viwili, nikaibana hasa, na nikanywa tena. Harufu yote ikatoweka. Nikasimama hivyo nyuma ya mlango, nimefumba macho, mpaka nikawapata: sisimizi, wengi, wanatembea kwenye ulimi. Nikawangoja wapite wote ndipo nikameza, nikaachia pua, nikafunika chungu.