Posa Iliyosomwa Pamoja na Mistari Niliyoifuta

Kuna aibu ambazo mtu huzisimulia huku akicheka, na kuna hii yangu, ambayo nimewahi kuisema mara mbili tu, zote mbili kwa watu niliokuwa na hakika sitaonana nao tena, lakini sasa nina miaka arobaini na sita na nimechoka kuhama nayo kutoka mji hadi mji, kwa hiyo leo naitua hapa, mnaotaka kucheka chekeni.

Nilikuwa Singida mjini. Nimezaliwa Ulemo, nikamaliza kidato cha nne, nikakaa Manyoni, nikaenda Arusha, nikarudi (mama alikuwa akisema miguu yangu imepakwa upupu, na hakukosea), na ilikuwa ile miaka ambayo kila mwenye chumba kinachotazama barabara anakifungulia biashara, huyu mitumba, huyu simu ya kulipia, huyu kompyuta. Mimi niliajiriwa kwenye duka la kuchapa barua na intaneti, kompyuta nne na printa moja ya utepe iliyolia kama mashine ya kusaga, na kama kuna sauti ninayoikumbuka kwa uchungu duniani ni ile.

Sasa, kule Arusha kijana mmoja mtengeneza programu alinifundisha kitu nikakipenda kupita kiasi. Ni programu ya kutunza matoleo ya faili. Haina picha wala vitufe, ni skrini nyeusi tu na unaandika amri kwa mkono. Kila ukihifadhi kazi yako inakumbuka ilivyokuwa, na siku ukitaka kujua umebadilisha nini unaandika amri moja, inakulinganishia la zamani na jipya: mstari ulioondoa unawekewa mbele alama ya kutoa, ulioongeza unawekewa alama ya kujumlisha, na ambao hukuugusa unabaki mtupu. Wenye akili wanaitumia kuandika programu. Mimi niliitumia kuandika barua ya posa.

Wengine wote pale mjini barua ya posa waliiandika kwa mkono, au walimtafuta mtu mwenye mwandiko mzuri. Mimi nikaona hapana, mtaalamu kama mimi nichape, waone wanampata mkwe wa aina gani. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo.

Msichana aliitwa Zaituni, binti wa Mzee Salum muuza mafuta ya alizeti. Mshenga wangu alikuwa Mzee Hamisi, fundi cherehani jirani na duka letu, mtu mwema, mjanja, mwenye mguu mbovu. Nikaandika toleo la kwanza, na naapa lile toleo lilikuwa la kweli tupu: kwamba nimeajiriwa, kwamba nimeishia kidato cha nne, kwamba nina mtoto wa kike anayeishi na mama yake Manyoni. Nikamsomea.

"Huyu mtoto unamweka wa nini?" akaniuliza.

"Si ndiyo ukweli, mzee?"

"Ukweli una siku yake. Mtoto husemwa mke akishakuwa ndani, akishazoea jiko. Mtoe."

Nikamtoa. (Liangalieni hilo neno nililoliandika sasa hivi. Wakati ule nilibonyeza kitufe tu, sikusikia chochote.) Na kwa kuwa nilishaanza kutoa, nikaendelea kupamba, mpaka tukafika toleo la tatu, na lile lilikuwa barua ya mtu ambaye hata mimi ningependa kukutana naye.

Siku ya kwenda, Mzee Hamisi akataka kuona nilichobadilisha. Macho yake na skrini havipatani, kwa hiyo nikaandika amri ya kulinganisha toleo la kwanza na la tatu, nikaiambia majibu iyaweke kwenye faili nimchapie. Jina nililolipa lile faili ni posa. Na barua yenyewe iliitwa posa. Ile skrini nyeusi haina tabia ya kukuuliza kama una uhakika, ikafuta barua, ikaweka ulinganisho mahali pake, kimya. Wakati huohuo mzee akatazama saa, akasema, "Acha, nakuamini, chapa barua twende." Nikachapa posa. Huku mteja ananiita, huku mzee yuko mlangoni, nikaichana karatasi kutoka kwenye printa, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi bila kuisoma, maana barua niliijua kwa moyo.

Kwa desturi mwoaji haendi. Lakini Mzee Salum alikuwa ametuma neno kwamba huyu kijana si wa hapa, hatumjui kwao, aje tumwone. Ndiyo maana nilikuwepo, nimekaa mwisho wa mkeka, kofia mpya, macho chini, nimeshaamkia watu shikamoo mpaka koo limekauka. Wanaume kama kumi. Wanawake wako chumba cha pili, pazia katikati. Bahasha akapewa mjomba wa Zaituni, Mwalimu Juma, mstaafu wa shule ya msingi, ambaye maisha yake yote alisoma kila kilichoandikwa ubaoni.

"Hapa juu kuna Kiingereza na tarakimu, naruka," akasema, akarekebisha miwani. Mimi nikafikiri labda ni anwani. Anwani gani ya Kiingereza?

"Kwa heshima na taadhima, mimi Shabani, ninaleta posa kwa binti yenu Zaituni." Sauti nzuri, watu wakaitikia. Kisha akasita. "Halafu hapa kuna alama ya kutoa. Kutoa: nimeajiriwa kwenye duka la kompyuta. Kujumlisha: ninamiliki biashara ya kompyuta."

Mtu mmoja akakohoa. Nikainua uso, nikaona ile karatasi kwa nyuma, mistari mingi kuliko barua yangu, na nikaelewa. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, hata mistari iliyokuwa bado inakuja.

"Kutoa: nimesoma hadi kidato cha nne. Kujumlisha: nimehitimu elimu ya juu ya kompyuta."

"Mwalimu," nikasema huku nikiinuka, "naomba hiyo karatasi, kuna kosa la mashine."

"Kaa, kijana. Mashine imeandika vizuri sana." Akaendelea, na sasa alisoma polepole. "Kutoa: nina mtoto mmoja wa kike, yuko Manyoni kwa mama yake. Kujumlisha: sina mtoto, wala sijawahi kuishi na mwanamke."

Nyuma ya pazia bibi mmoja akasema jambo kwa Kinyaturu. Mimi Mnyiramba nililielewa nusu, na nusu ile ilinitosha. Mzee Hamisi alikuwa anautazama mguu wake kana kwamba ameletewa siku ile.

Mzee Salum hakupaza sauti, ningeshukuru angepaza. "Mtoto hatumkatai," akasema. "Hapa tumelea wa kila namna. Ila nieleze, huyu wa mstari wa juu amekwenda wapi mpaka mstari wa chini hayupo?"

Hapo ikatoka sauti nyuma ya pazia, na niliitambua, ni Zaituni mwenyewe, jambo ambalo halikutakiwa kabisa. "Baba, muulize anaitwa nani."

"Mwajuma," nikasema, na nikapata nafuu kidogo, kwamba angalau hilo ninalo.

"Ana miaka mingapi?"

Nikasema minne. Kisha nikasema mitano. Kisha nikaanza kuhesabu kwa vidole, mbele ya wanaume kumi, tangu nilipoondoka Manyoni, na vidole havikukubaliana. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Juma akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ileile, akairudisha ndani ya bahasha, akanisogezea kwenye mkeka.

Zaituni aliolewa Kondoa mwaka uliofuata. Mimi niliondoka Singida kabla ya hapo, lakini nilipitia Manyoni kwanza, nikamkuta mwanangu anaingia darasa la kwanza. Alikuwa na miaka sita. Alinisalimia shikamoo kama mgeni wa mama yake, nikaitika.

Tangu hapo nimeandika barua nyingi, za kazi, za madai, za rambirambi, na sijatia hata moja kwenye bahasha bila kuisoma kwa sauti, neno kwa neno. Za posa sijaandika tena. Na aliyenishauri kumwondoa mtu kwenye barua sikumlaumu hata siku moja, kwa sababu kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.