Kaka Aliyefundishwa Kulia

Juzi wajukuu walinikokota hadi kanisani Matema kutazama mchezo wa kuigiza. Mwishoni msichana akafa, kaka yake akaweka mkono wa kushoto kichwani akalia. Nikatoka nje. Walidhani ni tumbo. Ilikuwa hasira, rafiki yangu, hasira ya tangu enzi za Mjerumani, nilipokuwa mtoto wa kuteka maji.

Mwaka ule tuliona michezo miwili, na katika yote dada yangu ndiye aliyekufa. Wa kwanza aliutunga mwalimu wa misheni. Dada anamngoja kaka yake mvuvi, dhoruba inavuma, anaingia ziwani kumwokoa, anazama yeye. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyekuwa huyo mvuvi. Kulia hakujua, mwalimu akamfundisha: mkono wa kushoto kichwani, goti moja chini, sauti ianzie chini ipande. Akina mama walilia hata wakasahau mbasa motoni. Harufu ya samaki wale kuungua ninayo puani mpaka leo. Mwalimu akasema dada mwema ndiye huyo.

Wa pili waliutunga wanawake wafinyanzi, wakingoja vyungu vikauke. Udongo wa kwetu hautaki haraka, ukiuwahisha motoni unapasuka. Bibi alisema na binadamu ni vivyo hivyo. Haya, humo dada anaozwa kwa mzee, maana desturi yetu kaka alioa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake. Anatoroka, kaka anamrudisha kwa fimbo, naye dada anajitupa ziwani. Yule wa kwanza alikufa kwa kupenda, huyu kwa kukosa wa kumpenda. Mwalimu alimwita mkaidi. Mimi niliona dada mmoja tu, wangu, kwa kuwa ng'ombe wa mzee mmoja wa Makwale walikwisha kuingia zizini kwetu kwa ajili yake.

Basi katikati ya mchezo dada akayaacha maneno ya wafinyanzi, akamgeukia kaka yetu aliyekaa mbele akitazama.

"Kaka, utawarudisha?"

Kaka akatabasamu. "We mtoto, ng'ombe wameshazaa."

Watu wakaangua kicheko. Bibi naye alicheka. Ndiye aliyenilea, na hilo sijamsamehe.

Dada alipelekwa Makwale kabla mpunga haujavunwa. Alikufa na mimba ya kwanza. Kaburini kaka alilia: mkono wa kushoto kichwani, goti moja chini, sauti ikianzia chini ikipanda. Watu wakasema, jamani, alimpenda dada yake.

Uwanja tulikoigizia umeliwa na maji ya ziwa. Mwalimu aliondoka wakati wa vita, wafinyanzi wale wote wamekufa. Kaka alizeeka vizuri, akawa mzee wa kanisa, akawafundisha vijana kuigiza, nao wakawafundisha wenzao. Mchezo wa wafinyanzi hakuna anayeukumbuka. Kilio cha kaka kipo. Juzi nikiwa nje nilisikia watu wakikipigia makofi.