Meno Sita ya Chini

Bibi yangu, mama mzaa mama, hapendi kuulizwa maswali, na mimi sijui kukaa na mtu bila kumuuliza. Nimefundisha hisabati shule ya msingi huko Mkolani kwa miaka mingi, na kila nikienda Igoma kumsalimia ananipokea kama mkaguzi aliyekuja bila taarifa. "Haya, mke mwenzangu," hunitania, "leo umekuja kukagua nini?"

Likizo ya Juni mwaka juzi mambo yaligeuka. Alikuwa ametoka hospitali, kifua kilimlaza wiki mbili, na alikuwa amekonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni. Nilikuwa nimekaa chini namchambulia mchicha. Bila utangulizi wowote akasema, "Wewe unayejifanya fundi wa kuuliza, nenda ukaulize kwao baba yangu. Nataka kujua kama alituonea aibu. Nikifa bila kujua nitakufa na hasira, na padri amesema hasira haifai."

Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki.

Babake bibi alikuwa mtu wa kuja. Alifika Mwanza enzi za Mwingereza, akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba kando ya ziwa, akaoa binti wa Kisukuma, wakazaa watoto wanne. Bibi ndiye wa kwanza. Alilima, alijenga, alisomesha, alikuwa mtu wa watu. Kitu kimoja tu hakufanya: hakuwahi kumpeleka mke wala mtoto kwao. Akiulizwa kwao wapi, alijibu "Ng'ambo," akainuka kutafuta kazi ya kufanya. Kwa kuwa alijua Kikerewe kidogo, watu walimhesabu Mkerewe, yakaisha.

Kwa bibi hayakuisha. Siku ya kupokea mahari yake, ndugu wa mama walijaa uani mpaka wengine wakakaa juu ya vinu. Upande wa baba alikaa baba peke yake. Aliona aibu ya benchi tupu, akaazima wenzake wawili wa kiwandani waje wakae naye wajifanye ndugu. Mmoja alikuwa Mnyamwezi aliyejulikana mji mzima. Shangazi za upande wa pili walicheka chinichini, na bibi aliwasikia. Tangu siku hiyo alikuwa na jibu lake: huko ng'ambo baba ana mke wa kabila lake na watoto wa kabila lake, na sisi ametuficha kama mtu anavyoficha nguo yenye kiraka.

Sasa mimi nianzie wapi? Wajomba walishakwenda Ukerewe zamani, wakaulizia kijiji kwa kijiji, wakarudi na samaki tu. Nikamwomba bibi anieleze mzee alivyokuwa. Mrefu. Mweusi sana. Hapigi kelele. Halafu akasema, kama jambo dogo, kwamba hakuwa na meno ya mbele ya chini, mkanda wa mashine kule kiwandani ulimpiga mdomoni.

"Meno mangapi?"

"Sita."

"Na mdomo ulibaki na kovu?"

Bibi akafikiri. "Mdomo wake ulikuwa mzuri," akasema. "Hata mama alikuwa akiusifia."

Nilirudi nyumbani na hiyo mashine kichwani. Mashine gani ina adabu kiasi hicho, inang'oa meno sita yaliyopangana na kuuacha mdomo mzima? Shule zilipofunguliwa, ofisini kwa walimu, nilimsimulia mwenzangu anayefundisha sayansi, Mjaluo wa Rorya. Hakunisubiri nimalize. Alisema wazee wao wote wa zamani waling'olewa meno sita ya chini wakiwa vijana, ndiyo ilikuwa alama ya kukua. Babu yake mwenyewe alikuwa hivyo. "Mwalimu," akasema, "huyo si Mkerewe. Huyo ni wetu."

Nilifurahi kama mtoto aliyepata hesabu ngumu. Siku mbili baadaye nilikuwa kwenye ofisi ya parokia alikobatizwa bibi, namsumbua karani anitafutie kitabu cha ubatizo cha miaka ile. Alikuwa mtu mpole, alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Tulifunua karatasi zilizoliwa na mende hadi mchana. Tulipompata bibi, jina la baba halikuwa lile tulilolijua sisi. Lilikuwa jina la Kijaluo, na mbele yake mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika jina la kilima. Mzee alidanganya watu wote wa Mwanza, lakini mbele ya padri alisema kweli. Nilimwambia karani, naye akasema wengi walifanya hivyo.

Agosti nilipanda basi la Tarime pale pale Igoma. Nililala Musoma kwa rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu, kesho yake nikafika Rorya, na bodaboda akanishusha kwenye duka chini ya kile kilima. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku tatu za kuulizia. Nilimtajia mwenye duka jina la mzee, na kabla sijaeleza chochote akanyoosha kidole. "Mji wake ule pale, wenye ua wa minyaa."

Mtu tuliyemtafuta miaka yote hiyo, kwao anajulikana kama shule.

Ndani ya ule ua nilimkuta mama mmoja wa rika langu, na mama mkwe wake, bibi kikongwe aliyekaa kwenye mkeka akibangua karanga. Kikongwe alizungumza Kijaluo tupu, kwa hiyo mama yule ndiye aliyetufasiria. Niliamkia, nikapewa kigoda, nikapewa uji, na nilipokwisha kunywa nikasema ninatafuta ndugu wa fulani.

Kikongwe akajibu, mkwe akafasiri: "Anasema yeye ni mtoto wake."

Basi bibi alikuwa sahihi. Huyu hapa, mtoto wa kabila lake, amekaa kwenye mkeka wake nyumbani kwao, hajawahi kuazimiwa ndugu. Nilimtazama nikitafuta uso wa bibi yangu, nisiuone. Kisha ule ugonjwa wangu wa hesabu ukanishika. Niliuliza umri. Alimzidi bibi yangu mwaka mmoja, au pungufu. Niliuliza baba yake aliondoka lini hapa.

"Hakumkuta. Anasema baba alikufa kabla yeye hajazaliwa. Kama miaka mitatu hivi kabla."

Nilijifanya sikusikia. Niliuliza tena, nikapata jibu lile lile. Nikasema, kwa heshima niliyoweza kuikusanya, kwamba mama, mtoto hazaliwi miaka mitatu baada ya baba kufa. Mkwe hakufasiri hilo. Alininong'oneza tu, "Twende ukaone kaburi."

Lilikuwa upande wa kulia wa nyumba ya zamani iliyobaki msingi. Tuta la mawe, limepaliwa vizuri. Lakini mimi kaburi la mtu huyu nalijua, liko kwetu, nimelifagia kila Krismasi tangu nikiwa mdogo. Nilirudi kwenye mkeka nikasema hivyo, na sauti yangu haikuwa ya heshima tena. Nilisema babu yetu yuko Mwanza, alikufa mzee, nina watu waliomwosha.

Kikongwe aliacha karanga. Alinitazama, akacheka taratibu, akisema kitu huku akijipigapiga goti.

"Anasema wa Mwanza ndiye mwenyewe. Wa hapa ni tunda."

Ilichukua jioni nzima kunielewesha, na sehemu ya jambo hili bado naijadili mwenyewe. Vijana saba waliondoka kijijini kwa mtumbwi kwenda kutafuta kazi Mwanza. Mzee wetu alishikwa na homa njiani, wenzake wakamwacha Ukerewe kwa watu wema, wakaendelea. Mtumbwi ukapinduka na upepo. Habari zilizofika nyumbani zilikuwa fupi: wote wamekwisha, na ziwa halikurudisha hata mmoja. Mzee alipopona alituma salamu nyumbani kwa wachuuzi wa dagaa, salamu hazikufika, naye akaenda zake Mwanza akiamini zimefika.

Nyumbani walingoja mwaka. Mtu aliyekufa asizikwe huwa hatulii, na hawaachi waliobaki watulie. Wazee wakachuma tunda la mvungunya, lile refu zito, wakalifunga nguo, wakalilaza kaburini mahali pake, wakalilia kama wanavyomlilia mtu. Wakanyoa nywele. Kisha mdogo wake akachukua jukumu la kumsimamia nyumba, kwa sababu mjane alikuwa bado msichana, na watoto ambao angezaa wangekuwa watoto wa marehemu. Si kwa kusema tu. Ni wake kwa jina, kwa shamba, kwa kila kitu. Ndivyo kikongwe huyu alivyokuja duniani, na ndiyo maana hesabu yangu ilikataa.

"Halafu akaja," mkwe akasema.

"Nani?"

"Baba."

Alikuja kwa miguu kufuata ziwa, mchana kweupe, na jembe jipya begani na nguo ya mke wake kwapani. Watoto waliokuwa wakichunga walikimbia. Mama yake mzazi ndiye aliyetoka, akamsimamisha kwenye lango. Alimwambia asitie mguu ndani. Mtu aliyekwisha kuzikwa akiingia uani, kifo kinachodaiwa kitamchukua mwingine, na wa kwanza kuchukuliwa ni mdogo kuliko wote. Mke wake akaja nyuma, na mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Mzee akauliza huyo mtoto ni wa nani.

Mama yake akajibu, "Wako."

Kikongwe akajigusa kifuani. Mtoto mchanga alikuwa yeye. Haya yote alisimuliwa na mama yake, mara nyingi, na alisema mama yake hakuweza kufika hapo bila kushika mdomo.

Mzee alikaa chini nje ya lango, mama yake akakaa ndani, wakazungumza hadi jua likapungua. Maji aliletewa kwenye kibuyu, na kibuyu hakikurudishwa ndani. Wazee walisema njia ya kumrudisha mtu kama huyo huenda ipo, wamesikia inafanywa kwa kondoo na mganga, ila hapakuwa na aliyeiona ikifanywa. Walikuwa tayari kujaribu. Aliyekataa ni yeye. Alisema hawezi kujaribu bahati kwa kichwa cha mtoto.

Nikauliza lile nililotumwa. Niliuliza kama alisema chochote juu ya Mwanza.

Kikongwe akajibu haraka, kana kwamba nilimuuliza jina lake.

"Anasema ndilo alilokuja kusema. Alikuja kuwaambia ana mke Msukuma, na binti aliyezaliwa akitanguliza miguu, na wamepona wote wawili. Alitaka wazee waende Mwanza wakawachukue."

Nililia, sioni haya kuandika. Bibi yangu alitanguliza miguu. Kwa Wasukuma mtoto wa namna hiyo ana jina lake maalumu, na bibi analo hadi leo. Mtu wa Rorya asingelijua hilo bila kuambiwa na aliyekuwepo.

Jembe na nguo aliviacha pale langoni. Akasema, "Mtunzeni mwanangu," akaondoka, na hakuonekana tena.

Nilirudi Igoma Jumapili. Bibi alikuwa amekaa barazani, amevaa nguo ya kanisani bado, na hakutaka salamu ndefu. Nilimsimulia yote, polepole, bila kuruka. Nilipofika kwenye miguu kutangulia alinikatiza.

"Alisema hivyo? Kwa mama yake?"

"Kwa mama yake, bibi. Na kwa wazee wote."

"Akataka waje watuchukue."

"Ndiyo."

Niliendelea hadi mwisho. Nilitegemea afurahi, na kwa kweli nilikuwa najifurahia mwenyewe, mpelelezi nimerudi na jibu zuri: hakuwaonea aibu, aliwatangaza. Bibi alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakikunjua. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yangu.

Wiki ya mwisho ya baba yake, yeye ndiye aliyekuwa anamuuguza. Vidonda vya miguu vilimtesa, na alikuwa akipotewa na maneno. Asubuhi moja alimshika mkono, akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Mwanangu, nirudisheni nyumbani."

"Na mimi nikamjibu," bibi akasema. "Nilikuwa na ile hasira ya benchi. Nikamwambia, nyumbani wapi? Una kwenu wewe?"

Nilimwomba asiendelee kama inamchosha. Hakunisikia.

"Akaniangalia. Hakukasirika. Akasema, 'Kweli, mwanangu. Sina.'"