Tundu la Moshi Nililolipanua kwa Tupa

Aliyeharibu msumeno wa injini wa Mama Nekesa ni mimi, karani mstaafu wa wilaya, wala si fundi Shikuku niliyemshtaki kwa chifu.

Tangu nistaafu mikono yangu haijatulia. Mama Nekesa, jirani yangu mjane anayelisha watoto kwa kupasua mbao, aliniachia msumeno wake alipokwenda hospitali ya Mukumu kumtazama mgonjwa. Nilikuwa nimesikia kwamba tundu la moshi la silinda likipanuliwa kidogo, injini huongezeka nguvu. Nikalipanua kwa tupa. Nikazunguka uani, nikarudi, nikalipanua tena. Msumeno ulinguruma kwa fahari dakika chache, kisha ukakwama.

Kwa kuwa Shikuku ndiye aliyeitia pistoni ringi mpya, ile pete yake ya chuma, wiki iliyotangulia, niliamini kwa dhati kwamba kosa ni lake. Nikamwandikia chifu kurasa mbili kuhusu uzembe wa mafundi.

Barazani, Shikuku alifungua silinda mbele ya watu.

"Mzee, hili si tundu tena, ni mlango! Ringi imetanuka ikaingia humo, ikavunjika. Na hizi alama za tupa? Kwako panya hutumianga tupa?"

Watu walicheka. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena.

Mama Nekesa hakucheka. "Mzee, wewe hupendanga maandishi. Basi andika hapa, mbele ya chifu, jina la aliyeharibu msumeno wangu, na siku atakayoniletea mwingine unaokata mbao. Kisha utie sahihi."