Giaboksi Chini ya Kuku

Gari pekee nililowahi kumiliki maishani lilikuwa pikapu ya kijani ambayo shamba moja la chai liliichoka kabla yangu. Niliinunua kwa ng'ombe wawili na viazi vya misimu mitatu, wakati ambapo hata kupata tairi kulihitaji kibali chenye mihuri. Asubuhi nilikuwa mwalimu wa madrasa, na muda uliobaki mkulima wa mboga. Pikapu ilishusha kabichi, karoti na mapeasi kutoka kijijini kwetu juu ya Lushoto hadi Mombo, ambako malori ya Dar es Salaam yalikuwa yakisubiri. Ikipanda ilirudi na chumvi, saruji, mafuta ya taa, na mara nyingi mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali ambaye hangeweza kutembea. Mwenyezi Mungu aliitumia kwa mengi.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja: gia ya pili ilikuwa ikichomoka. Anayeijua barabara ya kuteremka Mombo anajua maana ya jambo hilo, kwa kuwa pale gari lenye mzigo huzuiwa zaidi na gia kuliko breki. Nilikuwa naukandamiza mti wa gia kwa goti la kushoto, huku midomo ikisoma Ayatul Kursiy kona baada ya kona. Abiria walidhani ni ucha Mungu. Nusu yake ilikuwa woga.

Siku moja, chini kidogo ya Soni, meno ya gia yalivunjika kabisa. Nililiegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, likakwaruza mwamba, likasimama. Hakuna aliyeumia. Nilisujudu pale pale kando ya barabara, kabichi zikibingirika kunipita, kisha nikaanza kufikiria nitaishije.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa, na magari ya Kijapani yaliyokwishatumika yalianza kushuka bandarini, yanang'aa, redio zake zikiwa bado na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, alikuwa na kibanda cha biashara Mombo, na habari zote mpya zilimfikia yeye kwanza. Alikuja kuniona siku ya tatu baada ya ajali, akalizunguka gari langu lililovutwa hadi uani, akatikisa kichwa.

"Kaka, hili si gari," alisema. "Hili ni banda ambalo ulikuwa unalisafirisha."

Alinieleza kwamba tajiri mmoja wa Tanga alikuwa akitoa pikapu kwa malipo ya kila mwezi. Unatoa kianzio kidogo, unaondoka na gari, mboga zenyewe zinalilipa. Alichotaka tajiri ni dhamana tu, na dhamana aliyoiona inafaa ni shamba letu la bondeni. Mtu wake angepanda Lushoto siku ya soko, wiki ile ile, kuchukua karatasi ikiwa imesainiwa. Mdogo wangu aliniachia karatasi hiyo niisome.

Lazima nieleze habari ya shamba hilo. Kwetu Ushambaa mwanamke akiolewa hupewa shamba la nyumba yake. Baba yangu ndiye aliyemwonyesha mke wangu mipaka yake wiki ile ile tuliyooana: kutoka mfereji wa juu hadi kwenye migomba. Tangu siku hiyo lilikuwa la nyumba yake, la kulisha watoto wake na kurithiwa na watoto wake. Mimi nililima humo miaka zaidi ya ishirini, nikapanda, nikauza, nikaandikwa katika daftari la kijiji kama mwenye shamba. Nikasahau. Ndilo kosa letu wanaume wa milimani: jina letu likikaa muda mrefu kwenye daftari, tunaanza kuliamini. Tajiri alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Aliambiwa desturi yetu, na karatasi ilikuwa na nafasi ya kidole cha mke.

Niliisoma baada ya swala ya alasiri. Kununua kwa malipo ya baadaye, kwa bei iliyokwisha kukubaliwa, hakuna ubaya, na hilo nilikuwa nikiwafundisha vijana wangu kwa kitabu. Lakini mstari wa chini ulisema mwezi ukichelewa fedha itaongezeka, na ukichelewa tena itaongezeka juu ya ile iliyoongezeka. Hilo nalo nilikuwa nikilifundisha, na jina lake nalijua: riba. Nikajiambia kwamba mimi sitachelewa. Namuomba Mola anisamehe kwa wepesi niliojiambia hivyo.

Jioni nikamsomea mke wangu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakunyanyua macho mpaka nilipomaliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Hakubisha. Aliniita Mwalimu, kama kijiji kizima kilivyoniita, na kama alivyoniita tangu tulipokuwa vijana.

"Kama umeamua, Mwalimu, nitaweka kidole," alisema kwa Kishambaa. "Ila niambie leo matuta yapi nisipande. Sitaki kumpandia mtu wa Tanga."

Akaendelea kuchambua. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Kesho yake nilimwendea fundi wangu kumuuliza kama gari langu bado lingeweza kupona. Alikuwa Mngoni aliyekuja kutoka Songea kufanya kazi katika gereji ya shamba la chai la Kwamkoro, kisha akaoa Lushoto na kubaki. Alikuwa Mkristo wa kwenda misa kila Jumapili, na tulitaniana kwa uhuru. "Mwalimu, wewe uliliombea, mimi nililitia oili," aliniambia. "Inaonekana sote wawili tulipunguza kipimo." Lakini alikuwa na habari. Alikumbuka kuona pikapu ya aina ile ile Magoma, uani kwa mama mmoja mjane, imekaa tangu mumewe alipofariki. Haikuwa imeharibika giaboksi, alisema. Iliuawa na injini.

Tuliteremka kwa basi mpaka Korogwe, tukaunga mpaka Magoma, joto likituzidi nguvu sisi watu wa baridi. Gari tuliliona kabla ya nyumba. Matairi hayakuwepo, mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, na kijani chake kilikuwa kile kile. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo ya mama yangu mdogo. Tukamwamkia shikamoo, akatuitikia, akatuletea maji, akasikiliza shida yetu hadi mwisho. Bei haikuwa shida kwake. Alitaka magunia mawili ya viazi vya milimani na kabichi za kumtosha kuwagawia majirani, kwa sababu gari hilo halikuwa na faida nyingine kwake zaidi ya kumzibia mahali pa kuanikia mpunga.

"Lakini leo haiwezekani," alisema. "Humo ndani mna mgonjwa."

Alifungua ile kamba. Kwenye kiti cha dereva, juu ya majani ya migomba, alilala kuku mwekundu mwenye shingo tupu, akatutazama kwa hasira. Alikuwa analalia mayai kumi na mawili. Ilikuwa siku ya kumi na tatu.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Magari yale, giaboksi yake fundi huitoa kwa ndani: unang'oa viti, unang'oa bati la sakafu, unaivuta juu. Hakuna njia ya pembeni. Fundi alipendekeza kumhamisha kuku taratibu, pamoja na majani yake. Yule mama alimtazama kama mtu aliyependekeza kumhamisha mwanamke katikati ya uchungu.

"Mwanangu, huyu amesusa mayai mara mbili. Mara zote mbili kwa sababu ya watu wenye haraka."

Fundi akajaribu kumnunua kuku na mayai yake yote. Mama akacheka, akasema kuku hauzwi, na kwamba zimebaki siku nane tu, turudi. Alisema hivyo kwa upole kabisa, bila kujua kwamba siku ya soko ilikuwa imebaki siku tatu.

Tukakaa kwenye benchi lake. Fundi aliniambia kwa sauti ya chini mambo ya kweli. Hatukuweza kuiona giaboksi hiyo mpaka vifunguliwe vitu vyote. Huenda ilikuwa nzima, huenda ilikuwa imejaa maji na kutu. Nikisubiri kuku, mtu wa Tanga angekuja na kuondoka, na gari aliloniwekea lingepata mnunuzi kabla ya jua kuzama. Ningeweza kubaki sina la zamani wala jipya, na kabichi zilikuwa zimeshafunga. Hakunishauri. Alikuwa anapima tu, kama anavyopima nati.

Niliomba maji ya udhu, nikaswali rakaa mbili za kuomba uongofu kando ya ukuta, nikasoma dua yake taratibu. Nitasema ukweli: sikuona ishara yoyote. Nilisikia kuku akiguna ndani ya gari, basi. Lakini nilipotoa salamu nilijikuta nafikiria safari ya kurudi nyumbani, na jambo moja tu lilinitisha katika safari hiyo: kumwambia mke wangu matuta yapi asipande. Kukosa gari hakukunitisha hivyo. Nikajua nitasubiri.

Nilimwambia mama tutarudi siku ya tisa, inshallah. Akasema kuku amesikia.

Mdogo wangu tulimpitia Mombo wakati wa kupanda. Alinisikiliza akiwa ameshika mizani, na uso wake ukabadilika mara kadhaa.

"Yaani kaka, nimwambie tajiri kwamba unamsubiri kuku?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Alisema nimemuaibisha, kisha akasema mengine ambayo hayana haja ya kuandikwa. Alikuwa amenihangaikia, na hasira yake ilikuwa ya mapenzi. Mwishowe akasema karatasi nimrudishie, ataiweka yeye, kwa sababu tajiri alikuwa na magari mengine mwisho wa mwezi na mimi nitakuja kuitaka mwenyewe. Nikaitoa mfukoni, nikampa. Sikuwa na uhakika kwamba alikosea.

Siku zile nane zilikuwa ndefu. Nyumbani nilisema tu kwamba bado sijasaini, na mke wangu akasema sawa. Mwenye lori mmoja alibeba kabichi zangu kwa bei ya kuumiza, na nyingine zilipasukia shambani. Siku ya soko ilifika, ikapita. Nilifundisha, niliswali, na nilijizuia kuuliza habari za Tanga.

Siku ya tisa tulirudi Magoma na magunia ya viazi juu ya basi. Yule mama alikuwa anatungoja mlangoni. Vifaranga tisa walikuwa uani na mama yao, na mayai matatu yasiyoanguliwa alikuwa amekwisha kuyatupa. Alifagia kiti mwenyewe kabla ya kumruhusu fundi kuingia. Fundi aling'oa viti, akang'oa bati, akalala kifudifudi na tochi, akakagua muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhesabu tasbihi kwa vidole. Kisha akachomoa kizibo, akachovya kidole, akakinyoosha juu nikione. Oili ilikuwa nzito na safi, haina chembe ya maji. Alizungusha gia moja moja kwa mkono. Ya pili iliingia na kukaa.

"Mwalimu," alisema kutoka kule chini, "mumewe huyu mama alikuwa dereva kweli."

Yule mama alisikia. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaniomba nimsomee marehemu Fatiha. Tulisoma pale pale, kuku wakidonoa miguuni, na fundi akavua kofia.

Giaboksi ilipanda mlima kwa lori la mkaa. Fundi aliifunga kwa siku mbili. Nilipoteremka Mombo mara ya kwanza na shehena ya karoti, goti langu la kushoto lilikwenda lenyewe kwenye mti wa gia pale penye kona za Soni, likakuta hakuna kazi. Nilipumua kwa namna ambayo sikuwa nimepumua kwa miaka. Mdogo wangu alipakua pamoja nami. Mwisho akaitoa ile karatasi kwenye droo bila kuombwa. "Chukua, kaka," alisema. "Hata hivyo lile gari la tajiri lilikuwa jeupe. Wewe ungelichafua kwa wiki."

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa bondeni. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa mfereji, na udongo wa matuta ulikuwa umekauka mpaka kupasuka. Nilimpa ile karatasi, ina nafasi ya kidole, nayo tupu. Nikamwambia gari limepona, shamba halina mtu wa Tanga, apande matuta yote. Nikamuomba radhi pia, kwa kuwa nilitaka kutoa kitu ambacho baba yangu alimpa yeye.

Aliitazama karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkunjo wa kanga.

"Zamu yetu ya maji ni leo baada ya alasiri," alisema. "Niliwapa majirani. Niliwaambia sisi hatuna cha kumwagilia."

Nikasema hakuna neno, wiki ijayo ipo.

"Hapana," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya maharage nilimwona anatabasamu. "Wewe ndiye utakayekwenda kuirudisha. Waambie Mwalimu alikosea, anaomba maji yake."

Nilivua viatu, nikaufuata mfereji kwenda juu. Majirani walinicheka sana, na wakanipa maji.