Magogo ya Msufi ya Mejumaa

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini ninalolikumbuka nalikumbuka sawasawa, wala sihitaji mtu wa kunisahihisha. Mwaka wa arubaini na tatu, mwaka wa njaa, unga ulikuwa wa kupimiwa na foleni zikipangwa tangu alfajiri. Kwetu Kibokoni, Mombasa, alikaa mwanamke mmoja wa Kidigo, Mejumaa, aliyetufulia nguo. Mama yangu, Bi Khatoon, alimpa ghala ya chini akae na bintiye Sheikha.

Sheikha alipokuwa na mimba changa, Mejumaa alivuka Likoni akarudi na hamali na magogo matatu ya msufi uliokufa. Akayaloweka, akayatoboa kwa patasi, na kila tundu akalishindilia kipande cha gogo la zamani lililokwisha kuota uyoga. Hiyo ndiyo mbegu yake. Akayalaza gizani chini ya magunia mabichi. Mimi ndiye niliyempelekea kila jioni maji yaliyooshewa mchele, ayanyunyizie.

“Uyoga wa kichuguu ndio mtamu,” aliniambia, “lakini haupandwi, hutaka mchwa na mvua, na mvua iko wapi? Ule mweusi wa masikio unatafunika kama mpira. Huu mweupe wa gogo ndio nyama yetu. Wenye pete shingoni usiuguse, mwanangu, hata ufe njaa.”

Jirani yetu Bi Parvin alimcheka kutoka dirishani. “Mejumaa! Alaye uyoga ni kobe!”

“Na kobe huishi miaka mia, Bi Parvin. Wewe na biriani yako utafika?”

Sheikha alijifungua mwezi wa Shaaban, naye amekauka kama kuni. Maziwa hayakumtoka, na mtoto alilia kisauti cha paka. Nyama hakuna, kunde hakuna. Mejumaa akachuma uyoga wa kwanza, konzi mbili, akaupika kwa tui. Siku ya tatu maziwa yakaja. Mtoto akanyonya, akalala. Uyoga ulipokwisha, yakapungua tena. Lakini magogoni vilikuwa vimechomoza vichwa vidogo kama vya pini, na Mejumaa akawa anahesabu siku.

Ramadhani ilikaribia, na nyumba za kwetu haziipokei Ramadhani bila chokaa mpya. Mama, kwa moyo mwema, alitaka na chumba cha mzazi kipakwe. Mejumaa alikuwa kwenye foleni ya unga. Sheikha na mtoto wakapandishwa juu kwetu, na Dzoro, fundi wa chokaa, akaingia ghalani.

“Bibi!” akaita kutoka chini. “Kuna magogo huku yameshika utando mweupe!”

Mama aliujua uyoga kwa mwavuli wake, utando unaouzaa hakuujua. “Ukungu huo. Umwagie chokaa, usije ukamdhuru mtoto.”

Mimi nilikuwa nimesimama ngazini. Nilijua. Lakini mtoto aliyelelewa kwetu hakumkatiza mamake mbele ya fundi, nami nilikuwa nimelelewa vizuri mno.

Mejumaa aliporudi aliweka unga chini, akatazama kuta, akatazama magogo.

“Mumenisafishia,” akasema. “Ahsante, Bi Khatoon.”

Aliyaosha magogo kwa maji ya kisima siku tatu. Chokaa ilikuwa imeingia kila ufa. Vile vichwa vilikauka vikawa rangi ya chai. Akavuka tena Likoni, akazunguka msituni kwao siku mbili, akarudi mikono mitupu. Huko hata vichuguu vilikuwa vumbi. Mama alipojua alilofanya alitafuta nyama mji mzima, mpaka Makadara. Akapata mifupa. Supu ya mifupa haikurudisha kitu.

Mtoto alikufa kumi la kwanza la Ramadhani, arubaini haijatimia. Sheikha akachukuliwa kwao, ng'ambo ya Likoni. Mejumaa alibaki akitufulia, na nguo zilikuwa safi kama zamani.

Jioni ya Idi Mama alimpelekea sahani ya pilau. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ni kwa chumvi kidogo. Ile ilirudi tupu, imeoshwa ikang'aa. Mama aliipokea mlangoni kwa mikono miwili, akashindwa kuinua uso.