Sikukata Kulia Kiabakari

Mjukuu wangu alikuwa na miaka miwili na kidogo nilipomvusha mpaka bila mama yake kujua. Ndugu zangu wakisimulia kisa hiki huanza na dada yangu na miguu yake iliyovimba, wakitaka kunisitiri. Mimi siwezi kuanza hapo. Dada hakuniomba nimdanganye mtu.

Dada yangu mkubwa aliolewa upande wa Kenya, zamani, wakati wachuuzi wa ng'ombe wa kule walipokuwa wakija kwenye minada yetu na wengine kurudi na wake. Mjukuu wangu ni wajina wake. Alipozaliwa alilia sana, akakataa ziwa, na wazee wakawa wanataja majina ya ukoo, moja baada ya jingine. Lilipotajwa la dada akanyamaza na kunyonya. Tangu siku hiyo namwita "dada", maana kwetu mtoto anachukua jina pamoja na heshima yake. Na wajina akiwa hai, ndiye anayempokea mtoto mikononi na kumnyoa nywele za kwanza. Mtoto alikuwa anakimbia na kuongea, na wembe haujagusa kichwa chake, na habari za dada zilikuwa zinazidi kuwa mbaya.

Mama wa mtoto ni binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi Bunda. Mumewe anafanya kazi Mwanza. Nilipomweleza habari ya safari alinijibu vizuri tu.

"Baba, tungoje shule zifunge. Nitamtafutia mtoto karatasi za kusafiria, twende wote. Habari ya nywele nayo tutaongea. Mimi nazitunza zile."

Nilisikia neno "tungoje" peke yake. Nikawaza: huyu hajui maana ya kungoja kwa mtu mgonjwa.

Basi Jumamosi moja nilitoka kwangu Kitaji, Musoma, asubuhi na Corolla yangu, nikaenda Bunda. Nilimwambia binti yangu nampeleka mtoto Butiama, kitongoji cha Mwitongo, kwa mdogo wangu, akacheze na ndama, nitamrudisha Jumapili jioni. Alifurahi. Alikuwa na harusi ya mwalimu mwenzake na hakuwa na wa kumwachia mtoto. Alimfunga nywele mafungu manne kwa vibanio vyekundu, akapanga mfuko: sweta, dawa ya homa, kikombe chenye mfuniko.

"Usimpe soda, baba."

"Simpi."

"Unasemaga hivyo halafu anarudi anateuka soda. Na mkifika tu unipigie."

"Nitakupigia, mama. Nenda kacheze harusi."

Mtoto nilimfunga kiti cha nyuma kwa mkanda na khanga ya mama yake. Njia nzima alikuwa akinitangazia ng'ombe. "Babu, ng'ombe! Babu, ng'ombe ingine!" Nami namwitikia, "Ndiyo, dada, nimemwona."

Pale Kiabakari njia ya Butiama inaingia kulia. Nilipunguza mwendo. Kijana wa pikipiki aliyekuwa nyuma yangu alipiga honi, akanipita akinitazama, maana nilikuwa nimewasha taa ya kulia na gari halikati. Mpaka hapo nilikuwa sijasema uongo ambao usingeweza kurekebishwa. Ningekata kulia, baada ya muda mfupi mtoto angekuwa amekaa kwenye nyasi na ndama. Nilizima ile taa nikanyoosha.

Simu ililia tukiwa tumeshapita Makutano, tunashuka kuelekea daraja la Kirumi. Nilisimama pembeni.

"Mmefika, baba?"

"Tumefika."

"Mbona nasikia malori?"

"Barabarani hapa, nimetoka kutafuta mtandao."

"Haya. Msalimie baba mdogo."

Nilimsalimia kwa niaba yake mto Mara, uliokuwa unapita chini ya daraja, kisha nikazima simu. Baadaye nilidai mtandao ulipotea. Haukupotea. Niliizima kwa kidole changu.

Sirari niliacha gari kwenye uwanja wa rafiki mwenye duka la vipuri. Nilijua gari halivuki bila karatasi, lakini kwa mtu na mtoto sikuona tatizo. Sisi tulikuwaga tunavuka pale kwenda kununua sabuni na kurudi kabla chai haijapoa. Nilimbeba mtoto mgongoni kwa ile khanga, nikapita uchochoro wa nyuma ya soko pamoja na wanawake wenye mikungu ya ndizi. Mmoja alicheka: "Babu kabeba kama mama!" Hakuna aliyetuzuia. Nikajisifu moyoni kwamba mambo ya karatasi ni ya watu wanaopenda kusumbuka.

Upande wa pili tulipata gari la abiria, Probox, mpaka njia panda ya kwa dada, halafu pikipiki. Dada alikuwa ameketi barazani, miguu juu ya kigoda, imejaa kama mito ya kulalia. Hakuweza kuinuka. Nilimweka mtoto mapajani mwake nikiogopa atalia, lakini hakulia. Alishika kidole cha dada akakichunguza.

"Kumbe nimekuja kujiangalia," dada alisema. "Niko mzuri bado."

Wakwe zake wakacheka. Kisha akaniuliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Yuko kazini. Amesema tutangulie."

"Ameridhia kuhusu nywele?"

"Ameridhia."

Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Dada alinilea, ananijua. Lakini alikuwa na mtoto mapajani, na alitaka maneno yangu yawe ukweli. Akaomba maji yaliyochanganywa na maziwa, akafungua vile vibanio vyekundu kimoja kimoja, akalowanisha nywele, akanyoa polepole kwa wembe mpya, akiongea na mtoto kwa lugha ya nyumbani. Hakumkwaruza hata mahali pamoja. Nywele akazifunga kwenye leso nyeupe.

"Hii mpe mama yake mkononi. Azifukie kwenye shina la mgomba. Usimpe mtu mwingine."

Nilitaka kuondoka Jumapili mapema, lakini mvua ilinyesha tangu alfajiri na barabara ya udongo ikageuka ugali. Pikipiki hazikutoka. Nilizunguka barazani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tulipofika mpakani ilikuwa mchana umeshapinda, mtoto amelowa, amechoka, na ameanza kumkumbuka mama yake. Katikati ya uchochoro ule ule alianza kulia, "Mama! Nataka mama!" akajipinda mgongoni mpaka khanga ikalegea. Nikamshusha nimfunge upya, naye akakimbia. Nikamkamata mkono.

Muuza nyanya mmoja aliinuka.

"Mzee, huyo mtoto wa nani?"

"Mjukuu wangu."

"Mbona anakukimbia?"

"Amechoka. Nyamaza, dada. Nyamaza."

"Dada? Si umesema mjukuu?" Akageukia wenzake. "Njooni msikie! Mara mjukuu, mara dada!"

"Na kichwa amemnyoa leo leo," mwingine akasema. "Tazama, bado kinang'aa."

Nilifungua mdomo nieleze habari ya wajina, lakini watu walikuwa wameshajaa na kila mmoja ana swali lake. Mmoja alisema wezi wa watoto siku hizi wanavaa makoti kama wachungaji. Nilikuwa nimevaa koti. Mgambo alikuja akanishika kiwiko bila nguvu, akasema, "Twende kituoni mzee wangu, kabla hawa hawajachemka."

Kituoni nilikabidhiwa kwa ofisa mmoja mwanamke, makamo ya binti yangu. Alimpakata mtoto, akampa biskuti, na mtoto akatulia. Hilo nalo liliniumiza.

"Mtoto anaitwa nani, mzee?"

Nikamtajia jina la dada.

"Hilo ndilo liko kwenye kadi ya kliniki?"

"Kuna la ubatizo."

"Lipi?"

Sikulijua. Nilikuwepo kanisani siku ile, nimekaa benchi la mbele.

"Amezaliwa lini?"

"Wakati wa kuvuna mtama."

"Mzee, mwaka na mwezi."

Mwaka nilimpa. Mwezi nilibahatisha.

"Karatasi yoyote umebeba? Barua ya mtendaji? Chochote?"

"Hapana."

"Haya. Namba ya mama yake."

Hapo ndipo ningepaswa kukubali kwamba nimeshindwa. Badala yake nilisema, "Ni mwalimu. Yuko semina, simu anaizimaga."

"Leo Jumapili?"

Ofisa aliweka kalamu chini. Alinitazama bila ukali, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Basi mtoto anakwenda ustawi wa jamii Tarime, na wewe utabaki hapa mpaka huyo mama amalize semina."

Nilitoa simu mfukoni nikaiwasha. Ilianza kutetemeka mezani na haikuacha. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa asubuhi: baba, amelalaje? Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa mdogo wangu wa Mwitongo: kaka uko wapi, binti yako yuko hapa analia, mimi nimwambie nini?

Binti yangu alikuwa amepata wasiwasi baada ya ibada. Alimpigia mdogo wangu, naye akasema, "Huku hajafika mtu. Kaka sijamwona tangu Pasaka." Alikodi gari mpaka Butiama akidhani labda tumepata ajali njiani. Alikuwa ametazama kila mtaro wa maji kati ya Bunda na Butiama.

Ofisa alipiga kwa simu yake, akaweka sauti kubwa ili nisikie. Alijitambulisha, akasema wana mzee na mtoto wa kike. Kutoka upande wa pili ilisikika pumzi tu, kisha, "Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Anakula biskuti. Nitumie picha yake."

Picha ilifika. Ofisa aliisogeza karibu na uso wa mtoto. Kwenye simu, mtoto mwenye nywele nyingi, mafungu manne, vibanio vyekundu. Mapajani mwa ofisa, mtoto mwenye upara. Aliita mwenzake wa meza ya pili, wakatazama wote wawili.

"Mama, huyu wetu hana nywele."

"Hana nywele vipi?"

"Amenyolewa. Ana alama yoyote?"

Sauti ya binti yangu ilikuwa imebadilika. "Mkono wa kushoto. Aliungua uji. Kovu kama punje ya mahindi."

Ofisa alipandisha mkono wa sweta. Kovu lilikuwepo. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu uchochoroni, nikadhani yameisha.

"Ni yeye, mama. Sasa huyu mzee ni nani kwako?"

Ofisa alitazama simu kama imekatika. Mimi nilijua haijakatika. Nilikuwa namsikia mdogo wangu kwa mbali akimwambia, "Sema, mwanangu, sema."

"Ni baba yangu mzazi," alisema.

"Basi tumwachie aje naye?"

"Hapana. Baba mpeni maji anywe, hajala huyo. Lakini mtoto msimpe. Nakuja mwenyewe."

Ofisa alikata simu. Akaniletea maji, kama alivyoagizwa.

Walifika jua likiwa bado juu ya mabati ya soko. Binti yangu aliingia na gauni lake la kanisani, vumbi mpaka magotini, mdogo wangu nyuma yake. Mtoto akapiga kelele, akamrukia. Binti yangu hakunisalimia. Alikaa chini sakafuni pale pale na kupitisha kiganja juu ya kile kichwa kitupu, mbele nyuma, mbele nyuma.

"Nani kamnyoa?"

"Shangazi yako. Hakujua. Nilimwambia umeridhia."

"Alilia?"

"Hakulia."

Nikatoa leso. Nilimwambia ni za kufukia kwenye mgomba na kwamba nimeagizwa nimpe yeye mkononi. Nilitegemea ataitupa. Aliifungua, akatazama, akafunga tena fundo lile lile la dada, akaitia kwenye mkoba.

"Shangazi anaendeleaje?"

"Vibaya."

Aliitikia kwa kichwa. Akatia sahihi alikoonyeshwa, akaondoka na mtoto kwenye gari la kukodi. Mdogo wangu alirudi na mimi kwenye Corolla. Tulipopita Tarime alinigeukia.

"Kaka, umenifanya nionekane nimeficha mtoto wa mtu."

"Najua."

"Ungeniambia ningekuja nawe."

"Ungeniambia nisiende."

"Ndiyo," alisema. "Ningekwambia."

Kikombe chenye mfuniko kilikuwa kinaviringika chini ya kiti cha nyuma kila tulipopiga kona. Hakuna aliyenyoosha mkono kukiokota.

Dada alifariki kabla shule hazijafunga. Kwa hiyo wapo wanaoniambia nilifanya vema, kwamba ningengoja wajina wasingeonana. Walionana, na nilifurahi, na binti yangu alitembea akitafuta maiti ya mwanawe mitaroni. Yote mawili niliyafanya mimi. Kwenye mazishi binti yangu alikuja na mtoto, karatasi zote zimekamilika, kwa basi.

Nakwenda Bunda bado. Napikiwa chai, naulizwa habari za Musoma, mtoto anapanda mapajani na kunivuta masikio. Nywele zimeota, vibanio siku hizi ni vya njano. Mgomba uko nyuma ya jiko, umetoa machipukizi. Nikisema nimpeleke mtoto hapo kwa jirani nikamnunulie kashata, mama yake hasemi hapana. Huacha anachofanya, akasimama mlangoni, na kubaki amesimama pale mpaka turudi. Sasa nimejifunza kununua haraka.